Kabla Kontena Halijaning'inia: Kagua Linaposhikwa

Makontena yanayofika kwa reli katika Bandari Kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, hupakuliwa kwa mitambo maalumu. Kontena likishafika kiwandani au kiwanjani, iwe Kibaha au Kisarawe, huenda mteja akalazimika kukodi winchi ya kawaida yenye ndoano na minyororo. Hapo ndipo tunapomwomba awe makini.

Mteja huuliza kwanza winchi ina uwezo wa tani ngapi. Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Winchi inaweza kuwa na nguvu tele na mnyororo ukawa mzima, lakini mzigo ukaanguka kwa sababu sehemu uliposhikwa imeng'oka.

Mnyororo unaovuta kwa mshazari hubeba zaidi ya mgawo wake. Mzigo wa tani 10 ulioshikwa kwa minyororo miwili iliyo wima huupa kila mnyororo tani 5. Minyororo hiyo ikilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja hubeba tani 10, na ncha za mzigo hukandamizwa kuelekea ndani.

Kwa sababu hiyo, kontena la futi 20 au 40 lenye shehena lisinyanyuliwe kwa pembe zake za juu kwa minyororo ya mshazari. Itumike fremu ya kunyanyulia, ili kila pembe ivutwe wima. Kontena tupu la futi 40 lina takriban tani 4; likijazwa linaweza kufikia tani 30.

Kontena kuukuu lililogeuzwa duka au ghala lataka tahadhari zaidi. Kutu huweza kula pembe na nguzo zake, na ukuta uliokatwa ili kuwekwa dirisha hupunguza uimara wake. Lihamishwe likiwa tupu. Pete iliyochomelewa baadaye isitumike kabla ya kukaguliwa na mtaalamu.

Kabla ya kazi kuanza, mteja:

1. Aeleze uzito halisi wa mzigo, bila kukisia.
2. Adai kuona cheti cha ukaguzi wa winchi, na alama ya uwezo kwenye minyororo na ndoano.
3. Akatae mnyororo kufungwa kwenye komeo la mlango.
4. Ahakikishe mzigo unainuliwa kidogo na kusimamishwa ili kutazamwa, kabla ya kupandishwa.
5. Asiruhusu mtu yeyote kupita chini ya mzigo.

Sisi tunaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 twasisitiza: ukiona pembe imepinda au imepasuka, simamisha kazi. Gharama ya kukodi winchi siku ya pili hulipika, uhai haulipiki.