Imekuza Mara Mia Mbili, Lakini kwa Masafa Gani?

Kijana ninayefanya naye kazi alitengeneza amplifaya ndogo ya maikrofoni kwa ajili ya kwaya. Aliichomea vizuri: nyaya fupi, risasi inang'aa kila kiungo. Kisha akaingiza ishara ya milivolti 10 kwa kilohezi 1, na upande wa kutokea akapata volti 2 kasoro kidogo. "Fundi, inakuza mara mia mbili, vilevile nilivyopiga hesabu," akaniambia. Jioni kwaya ilipoanza, sauti ilitoka kubwa lakini nzito, kama mtu anayeongea huku amejifunika shuka mdomoni. Maneno yenye s na sh hayakuwa na makali. Maikrofoni ilikuwa nzima, spika nazo nzima.

Kipimo chake kilikuwa cha kweli. Ila alipima mahali pamoja tu, na ukuzaji wa saketi ya namna hii haukai palepale. Unategemea masafa ya ishara unayoingiza, na kuna wakati unategemea pia ukubwa wa ishara inayotoka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayesema "inakuza mara 200" bila kutaja masafa ametoa nusu ya jibu.

Chipu aliyotumia ni 741, opampu ya miguu minane ambayo Dave Fullagar aliisanifu akiwa kampuni ya Fairchild huko Marekani, ikatoka mwaka 1968. Mpaka leo wanafunzi wengi huanza nayo. Ikiachwa peke yake hukuza mara 200,000 hivi, kiasi kwamba hata mtikisiko mdogo kabisa kwenye waya wa kuingilia huisukuma sauti mpaka mwisho wa uwezo wa umeme wake. Kwa hali hiyo haifai kwa maikrofoni. Kinachoifaa ni rezista mbili zinazochukua sehemu ya kile kinachotoka na kukirudisha kwenye mguu wa hasi, ili chipu ijirekebishe yenyewe kila wakati. Huo ndio mrejesho hasi. Harold Black wa Bell Labs aliupata tarehe 2 Agosti 1927 akiwa kwenye kivuko, anavuka mto Hudson kwenda kazini, akauchora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo. Alikuwa akihangaikia amplifaya za simu za masafa marefu zilizokuwa zikiharibu sauti, na jibu lake lilikuwa kukubali kupoteza sehemu kubwa ya ukuzaji ili kidogo kinachobaki kiwe tulivu.

Kijana wangu aliweka rezista ya kiloomu 200 na nyingine ya kiloomu 1. Gawanya, ongeza moja, unapata 201. Hesabu hiyo haina kosa, lakini hutegemea chipu kuwa na ukuzaji mwingi wa akiba, na akiba hiyo hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Ndani ya 741 Fullagar aliweka kapasita ya pikofaradi 30, kwa makusudi, ili chipu isianze kupiga filimbi yenyewe ikifungiwa mrejesho. Gharama yake ni kwamba ule ukuzaji wa mara 200,000 huanza kushuka mapema mno, kwenye hezi 5 hivi. Kuanzia hapo, kila masafa yakiongezeka mara kumi, akiba inapungua mara kumi. Kwenye megahezi 1 imebaki mara moja tu, yaani haikuzi tena.

Kwa hiyo kuna kanuni nyepesi: zidisha ukuzaji unaoutaka kwa upana wa masafa, jibu halizidi megahezi 1 kwa chipu hii. Ukitaka mara 200, unapata kilohezi 5 tu. Ukipima kwa kilohezi 1 utaona mara 196, na utaridhika. Kwenye kilohezi 5 ni mara 141. Kwenye kilohezi 10 ni mara 89 au 90, chini ya nusu ya ulichokusudia. Na makali ya s ya mwimbaji yako huko juu, kilohezi 4 na kuendelea.

Namna ya kuyaona haya mezani haihitaji vifaa vya bei kubwa. Unahitaji jenereta ya ishara na osiloskopu ya mikondo miwili: mmoja uangalie kinachoingia, mwingine kinachotoka. Anza na masafa ya chini ambako ukuzaji umetulia, tuseme hezi 200. Rekebisha mpaka wimbi linalotoka lijaze miraba 7 ya kioo kutoka juu hadi chini. Sasa pandisha masafa polepole huku ukihakikisha kinachoingia hakibadiliki. Wimbi likifika miraba 5 kasoro unywele, simama. Umefika kwenye asilimia 71 ya ukuzaji wa mwanzo, pale ambapo nguvu imebaki nusu, na wahandisi hupaita desibeli 3 chini. Soma masafa uyaandike. Kwa saketi ya kijana wangu ilikuwa karibu sana na kilohezi 5. Ukitazama mikondo yote miwili kwa pamoja utaona pia kuwa kinachotoka kimechelewa: ni moja ya nane ya mzunguko, nyuzi 45.

Mimi hupenda hatua hii ifanywe kwa mkono, nukta kwa nukta, hata kama kuna mashine inayochora mstari wote kwa sekunde chache. Anayegeuza kitufe mwenyewe huona wimbi likianza kuharibika, jambo ambalo mstari peke yake humficha.

Sasa mitego. Wa kwanza ni kuamini namba iliyo kwenye kioo cha jenereta. Jenereta nyingi huonyesha volti kana kwamba mwisho wa waya kuna mzigo wa omu 50. Saketi yako haina mzigo huo, kwa hiyo kinachoingia ni mara mbili ya kinachoandikwa, na ukuzaji utaupata mara mbili ya ukweli. Pima kinachoingia kwa osiloskopu ileile.

Wa pili ni kwamba milivolti 10 ni kidogo mno kuonekana vizuri, hupotelea kwenye kelele. Ingiza volti 1 kwenye rezista ya kiloomu 10, ifuatwe na ya omu 100 kwenda ardhini, uchukue ishara katikati. Pima ile volti 1 ya juu, kisha gawanya kwa 101.

Wa tatu ndio unaowasumbua hata wazoefu, nao ni kasi. Volti inayotoka kwenye 741 haiwezi kupanda zaidi ya nusu volti kwa kila mikrosekunde. Ukitaka wimbi la volti 10 za kilele, kasi hiyo inatosha mpaka kilohezi 8 tu. Ukizidisha hapo, wimbi la mviringo mzuri linageuka pembetatu, mistari miwili iliyonyooka kama paa la nyumba. Mtu akipima urefu wake tu, ataandika kwamba masafa yameisha, kumbe amepima kitu kingine kabisa. Dawa ni kupima kwa ishara ndogo. Kwa volti 1 ya kilele mpaka huo unasogea hadi kilohezi 80. Na kama hujui ni kipi kinakuzuia, punguza ishara nusu: ikiwa desibeli 3 zinabaki palepale, ni upana wa masafa, zikihama, ni kasi.

Upande wa chini nao upimwe. Kapasita ya mikrofaradi 10 ikiungana na rezista ya kiloomu 1 inaanza kukata kwenye hezi 16. Lakini kwanza weka osiloskopu kwenye DC, kwa sababu ile swichi ya AC ina kapasita yake ndani, na utajikuta unapima kifaa chako badala ya saketi.

Tulitengeneza upya kwa chipu mbili za 741, ya kwanza ikikuza mara 10, ya pili mara 20. Kila moja peke yake ina upana wa kutosha, kilohezi 100 na kilohezi 50, na zikifuatana desibeli 3 zinaangukia kwenye kilohezi 42. Ukuzaji ni uleule wa mara 200, chipu ni zilezile. Kijana akapima mwenyewe tangu hezi 10 hadi kilohezi 100, kisha akabandika karatasi ndani ya kifuniko cha boksi: mara 200, hezi 16 hadi kilohezi 42, imepimwa kwa volti 1 ya kilele, umeme volti 15 chanya na 15 hasi.