Kupanda ni Rahisi, Ngoma Iko Kwenye Kushuka

Kuna kazi ambazo wazazi wetu hawajui wawaeleze vipi majirani. Yangu ni moja. Siku za kawaida mimi ni mhandisi, na baba anahakikisha kila harusi wageni wamejua hivyo. Lakini Agosti nachukua likizo yangu, naenda kufunga watoto kamba kwenye kambi ya kiangazi Shard End. Baba haelewi. "Mwanangu, miaka yote ile ya kusoma, halafu likizo unaimalizia ukutani?"

Kama hujawahi kufika, Shard End iko mashariki mwa Birmingham. Ni mtaa uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, familia zitoke kwenye nyumba za kubanana za katikati ya jiji. Mto Cole unapita hapo, na bustani ndefu ya kando yake imepewa jina la ndege, Kingfisher, yaani mdiria. Kuta za kukwea zipo mjini, kwa mfano pale Ackers, Small Heath. Lakini basi mbili na nauli ya watoto watatu si mchezo. Kwa hiyo sisi tunaleta ukuta mtaani, juu ya trela.

Tangu 2021 serikali inalipia kambi za likizo kote Uingereza kwa watoto wanaopata chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato cha nyumbani. Kiangazi ni wiki 4, siku 4 kwa wiki, saa 4 kwa siku, na chakula juu. Watoto wengine wanakuja kwa ajili ya chakula. Sawa tu, wale kwanza, ukuta hauendi popote.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtoto anavaa kofia ngumu na mkanda wa kiunoni na mapajani. Nafunga fundo la nane, nalikagua, halafu mwenzangu analikagua tena. Karabina moja inatakiwa kuhimili kilonyutoni 20, karibu uzito wa tani 2, kwa hiyo mtoto wa kilo 30 haitikisi. Mimi niko chini na kamba kwenye breki, na mkono wa breki hauachii kamba hata nyuki akinitua puani.

Mwaka jana mama mmoja wa Bukavu alikataa kusaini fomu. Fomu ilikuwa kurasa nne za hatari. Nikaacha makaratasi, nikamletea kamba aivute mwenyewe. Akavuta, akaniangalia.

"Sasa nani atashika hii kamba?"

"Ni mimi, mama."

"Na weye uko mutoto wa nani?"

Vyeti vyangu havikumhusu. Nikamtajia baba, nikamtajia Mombasa, nikamwambia tunakaa mtaa gani. Akasaini.

Binti yake, miaka tisa, alipanda kama paka. Kufika juu, akaganda. Wazee wanasema mchongoma kuupanda, kushuka ndiyo ngoma, na ukutani ni hivyo hivyo. Ili ushuke lazima uachie ukuta, uegemee nyuma, ukalie hewa na kumwamini mtu usiyemwona. Nikamwambia kwa Kiingereza, wapi. Nikasema "keti." Nikasema "kaa." Alikuwa analia sasa. Ndipo mama yake akapaza sauti kutoka kwenye nyasi: "Ikala!" Neno moja, la nyumbani kwao. Mtoto akakalia mkanda, kamba ikakaza mkononi mwangu, nikamteremsha taratibu mpaka chini.

Hilo ndilo nilitaka kuwaambia. Wengi wetu tunasema Kiswahili chetu ni cha amri tu: shika, vuta, keti, shuka, acha, ngoja. Tunakionea aibu, eti cha jikoni. Kumbe kazi hii yote ni maneno hayo hayo, na mtoto aliyeogopa hayakagui sarufi. Anasikiliza kama sauti ni ya mtu wake. Siku hizi kabla mtoto hajapanda namwuliza, nyumbani mnasemaje "kaa"?

Ukiipenda kazi hii, anza na cheti cha Climbing Wall Instructor cha Mountain Training, kwa waliotimiza 18, pamoja na huduma ya kwanza na ukaguzi wa rekodi za jinai. Usidhani si kazi ya watu wetu. James Kagambi, mwalimu wa kukwea kwa miaka mingi, Mei 2022 alikuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, akiwa na miaka 62.

Nilimsomea baba habari hiyo. Akanyamaza, akanywa chai.

"Sitini na mbili? Na nani alimshikia kamba?"

Swali la mama wa Bukavu hilo hilo. Nimemwambia Agosti aje ajionee. Amesema ataangalia, ambayo kwa baba yangu ni karibu na ndiyo.