Semista Moja Ughaibuni

Kusoma nje ya nchi kuna sura mbili kwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Ya kwanza ni kwenda kuchukua shahada nzima: anahama, anasajiliwa na chuo cha kule, anarudi na cheti cha kule. Ya pili ni kwenda kwa muda, semista moja au mbili za masomo ama miezi michache ya mafunzo kazini, huku akiendelea kuhesabiwa mwanafunzi wa chuo chake na shahada yake ikitolewa nyumbani. Sura ya kwanza inajulikana sana Afrika Mashariki tangu enzi za wanafunzi waliopelekwa Moscow na London. Ya pili haisikiki sana, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na ndiyo inayodai umakini mkubwa wa karatasi.

Swali zito katika safari ya muda ni kama masomo yaliyofanywa kule yatahesabiwa huku. Sofia Corradi, Mwitaliano, alipata jibu chungu mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikosoma sheria linganishi hadi uzamili kwa ufadhili wa Fulbright. Aliporudi Roma akaomba masomo hayo yatambuliwe, chuo chake kilikataa. Corradi alitumia miaka mingi kuwashawishi wakuu wa vyuo na serikali, na mwaka 1987 Jumuiya ya Ulaya ikaanzisha mpango wa Erasmus. Mwaka wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Tangu hapo wamesafiri mamilioni, na Corradi akajulikana kwa jina la Mama Erasmus.

Tangu mwaka 2015 mpango huo, ambao sasa unaitwa Erasmus+, hugharimia pia safari za wanafunzi wa vyuo vya nje ya Ulaya, vya Afrika Mashariki vikiwemo. Mwanafunzi haandiki barua kwa Umoja wa Ulaya, Brussels. Lazima chuo chake kiwe na mkataba na chuo cha kule, na ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chake ndiyo hutangaza nafasi, huchuja waombaji na kupeleka majina. Kwa hiyo anayetaka kwenda aanze kwa kubisha hodi katika ofisi hiyo aulize: chuo kina mikataba na nani, kwa fani zipi, na matangazo hutoka mwezi gani? Wengi huliona tangazo muda ukiwa umekwisha.

Anayechaguliwa halipi ada kule. Huendelea kulipa ya nyumbani kama kawaida. Hupewa nauli na posho ya kujikimu, ambayo kwa anayekwenda Ulaya ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kulingana na nchi. Kwa aliyezoea bumu, yaani posho ya mkopo wa chuo, fedha hiyo huonekana nyingi, lakini katika miji kama Dublin au Copenhagen chumba peke yake huweza kumeza zaidi ya nusu yake. Tena posho huja kwa awamu, ilhali pasipoti, viza na nyaraka nyingine hudai pesa mapema. Hapo ndipo kijana wa familia isiyo na akiba hukwama, hata kama alama zake ni za juu kuliko za wenzake wote. Chuo kinachotaka nafasi hizi ziwafikie wote hakina budi kuwa na mfuko mdogo wa kumkopesha hadi posho ifike.

Karatasi inayomkinga mwanafunzi na yale yaliyompata Corradi inaitwa makubaliano ya masomo, nayo husainiwa kabla ya safari. Jedwali A huorodhesha kozi atakazosoma kule, kila moja na krediti zake. Jedwali B huorodhesha kozi za nyumbani zitakazohesabiwa kuwa zimesomwa. Chini kuna saini tatu: ya mwanafunzi, ya chuo kinachomtuma na ya chuo kinachompokea. Makosa mengi huzaliwa kwenye krediti. Ulaya, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kujisomea kukiwemo. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 na mwaka ni krediti 120. Semista ya krediti 30 za Ulaya, kwa hiyo, inalingana na krediti 60 za Tanzania. Idara ikizihamisha namba hizo jinsi zilivyo, aliyefanya kazi ya semista nzima anarudi na nusu semista mkononi, kisha anadaiwa kozi zilizobaki.

Ikitokea kozi imefutwa au ratiba zimegongana baada ya kufika, jedwali hubadilishwa na saini zote tatu huchukuliwa upya katika wiki za mwanzo. Ujumbe wa WhatsApp wa mhadhiri hautoshi, maana siku ya matokeo mhadhiri huyo huenda akawa yuko masomoni. Kalenda nazo hazipatani: vyuo vingi vya Tanzania hufungua Oktoba au Novemba, wakati muhula wa pili wa Finland huanza Januari, kabla mitihani ya muhula wa kwanza ya huku haijakamilika. Hilo nalo huandikwa na kukubaliwa na idara mapema.

Mafunzo kazini, ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita fildi na wa Kenya atachimenti, yana njia zake. Erasmus+ huweza kuyagharimia kwa miezi 2 hadi 12. Kwa wanafunzi wa uhandisi na sayansi kuna IAESTE, chama kilichoundwa London Januari 1948 na wawakilishi wa nchi 10 za Ulaya iliyokuwa imetoka vitani. Utaratibu wake ni wa kubadilishana: kila nchi huleta nafasi ilizopewa na waajiri wake, ikapata nafasi kutoka nchi nyingine. Mwajiri humlipa mwanafunzi fedha za kujikimu. Nauli ni juu ya mwanafunzi. Maana yake ni kwamba kiwanda cha Nairobi au Dar es Salaam kinachokubali kumpokea mwanafunzi wa kigeni kwa wiki nane kinamfungulia mlango kijana wa hapa kwenda nje. Nchi ambayo waajiri wake hawatoi nafasi, wanafunzi wake hawana cha kubadilishana.

Kuna pia mafunzo ya kimataifa yasiyohitaji ndege. Gigiri, Nairobi, ndiko yaliko makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na ya UN-Habitat. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ila Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi wanafunzi wa mafunzo, na mwombaji lazima ajue kabla ya kuomba atalala wapi na atakula nini kwa miezi hiyo.

Kwa shahada nzima, hasa uzamili, Erasmus Mundus iliyoanza 2004 humsomesha mwanafunzi katika nchi zaidi ya moja na kumpa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Hapa huomba mwenyewe, kwa kawaida kati ya Oktoba na Januari. Türkiye Bursları ya Uturuki hulipia ada, malazi, nauli na mwaka wa kujifunza Kituruki. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha, kwa viwango vya tangu Septemba 2024, euro 11,904 katika akaunti maalumu ambayo kwa mwezi hutoa 992 tu.

Anayekwenda kuchukua shahada nzima hana jedwali A wala B, kwa hiyo lazima athibitishe utambuzi kabla hajalipa chochote, hata kama wakala anamhakikishia. Mtanzania huuliza TCU kama chuo na programu yenyewe vinatambuliwa. Mganda huuliza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kwa udaktari, uuguzi, uhandisi na sheria, bodi ya taaluma nayo huulizwa, kwani chuo kinaweza kutambuliwa na bado mhitimu akadaiwa mtihani au mafunzo ya ziada kabla ya kusajiliwa kufanya kazi nyumbani.