Ngoma za Bariadi: jaji ni miguu ya watu

Msomaji wangu, kama umezoea mashindano ya kwenye luninga, majaji watatu wamekaa na karatasi za alama, mmoja analia machozi, mwingine anamwambia mshiriki eti hakuwa na hisia, basi Usukumani utashangaa. Huku ngoma haina jaji. Makundi mawili yanaanza kucheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja huo huo, moja upande huu na jingine upande ule. Watazamaji wanakwenda wanakotaka. Wakichoka hapa wanahamia kule. Jua linapozama, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo bingwa. Basi. Hakuna rufaa wala hakuna cha kamati.

Ngoma kwa Kisukuma ni mbina, na msimu wake ni baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti hivi. Mtama umeingia ghalani, pamba imeanza kuuzwa, na Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, kwa hiyo kipindi hicho hata kijana aliyekuwa anakukwepa barabarani kwa ajili ya deni anakusalimia "mwadila" kwa sauti kubwa. Mkononi kuna kitu.

Wanaogombana uwanjani ni Wagika na Wagalu. Hawa wawili ni Simba na Yanga ya Usukuma, ila wao ni wakongwe zaidi, maana habari yao inaanzia karne ya 19. Wazee wanasema walikuwapo wachezaji wawili mahiri, Ngika na Gumha, kila mmoja akijiona yeye ndiye mwenye ngoma na mwenye dawa kali ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu. Ugomvi wao haujaisha mpaka leo na hakuna anayetaka uishe. Ukiisha tutakwenda kuangalia nini?

Kuhusu hiyo dawa, mimi niliishia kidato cha nne na sikufundishwa somo hilo, kwa hiyo sitasema inafanya kazi au haifanyi. Ninachojua ni kwamba hakuna kundi linaloingia uwanjani bila mtaalamu wake, na likishindwa, lawama ya kwanza inamwendea yeye, siyo wachezaji. Kama makocha tu.

Lakini dawa peke yake haileti watu. Unatakiwa uwe na mambo. Hapo ndipo utaona kundi limekuja na chatu mzima, mchezaji amemvaa shingoni kama skafu. Wengine wanaleta vinyago vya miti vinavyochezeshwa mikono na miguu, wengine wanapinduka sarakasi, wengine wanaigiza mzungu, daktari au karani wa mizani, ilimradi yule aliyekuwa anaelekea kwa mpinzani ageuze shingo. Mambo ya nyoka hasa ni ya Wayeye, chama chao wenyewe cha watu wanaojua kuwakamata na kutibu walioumwa. Kuna pia Wanunguli, wao asili yao ni kuwinda nungunungu.

Mimi binafsi naipenda bugobogobo kuliko zote. Hii ni ngoma ya jembe. Zamani (na kwingine hata sasa) vijana walijiunga kikundi, wakaalikwa kulima shamba la mtu, ngoma kubwa zikapigwa pale pale shambani, nao wakalima kwa mdundo mpaka ekari inakwisha hawajajua wamechoka saa ngapi. Mwenye shamba anatoa chakula na malipo. Msimu wa kilimo ukipita, majembe yale yale yanahamia uwanjani, yanarushwa juu, yanazungushwa, yanadakwa. Ukiwa mstari wa mbele unaombea tu mikono ya yule bwana isiwe na jasho.

Sasa kuna kitu kinachonisumbua, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012, ukitoka Shinyanga, isipokuwa Busega iliyotoka Mwanza. Mkoa mpya, Bariadi ikawa makao makuu, na sherehe zikaongezeka. Nane Nane ya kitaifa ilifanyika Nyakabindi 2018, 2019 na 2020. Mwaka huo wa 2019 kukawa pia na Simiyu Jambo Festival, watu wakaona mbio za baiskeli na ngoma za Wagika na Wagalu, na mji ulijaa. Sikatai, ni vizuri. Mama lishe waliuza, vijana wa bodaboda walipata mkwanja, nyumba za wageni zilijaa.

Ila kwenye sherehe nyingi za siku hizi ngoma imegeuzwa kachumbari. Kikundi kinasombwa na fuso tangu alfajiri, kinakaa juani kumsubiri mgeni rasmi, halafu mshereheshaji anatangaza: "Dakika tano!" Dakika tano, jamani? Katika mbina dakika tano manju hajamaliza hata kuwasalimia wazazi wake na kumkejeli mpinzani.

Na manju siyo mtumbuizaji tu. Huyo ndiye gazeti la kijiji. Anaimba nani kamkimbia mkewe, ng'ombe za nani zimeliwa na mahari, na zaidi ya yote anaimba bei ya pamba na mizani inayopunja. Kwenye hafla moja, ambayo waandaaji wake sitawataja, nilisimama pembeni manju wa kikundi kimoja alipofika kwenye ubeti wa mizani. Kipaza sauti kilizimwa. Tukaambiwa muda umekwisha, tuwapigie makofi.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu, mkongojo mkononi, akaniuliza, "Mjukuu wangu, umeme umekatika?" Nikamwambia, "Hapana babu, mbona spika nyingine zinalia." Akacheka, akatikisa kichwa, akaanza kuondoka taratibu kuelekea lango. Nikadhani anakwenda nyumbani. Kumbe wale wachezaji walikuwa wamebeba ngoma zao mpaka nje chini ya mti, na manju ameuanza upya ubeti ule ule bila kipaza sauti. Watu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, kina mama na watoto migongoni, vijana, hata wauza karanga. Baada ya nusu saa ndani walibaki waheshimiwa kwenye turubai lao na mshereheshaji anayetangaza zawadi. Kwa sheria ya mbina, nadhani unajua nani alishinda.

Kwa nini basi Bujora wanaweza? Pale Kisesa, Mwanza, Padri David Clement, Mkanada, alianzisha sherehe ya Bulabo miaka ya 1950, ya kuadhimisha Ekaristi, akawaachia Wagika na Wagalu washindane kwa siku zao, kwa utaratibu wao. Mpaka leo watu wanafurika. Siku hizi wanakwenda hata viongozi wa juu kabisa. Septemba 2021 ilikuwa huko huko Kisesa, kwenye tamasha la utamaduni, Rais Samia alipopewa jina la Chifu Hangaya. Ombi langu kwa waandaaji wa Bariadi ni dogo: toeni siku nzima moja, makundi mawili, uwanja mmoja, na kipaza sauti kisichokuwa na swichi karibu na meza kuu.

Wewe unayetaka kuja, panda gari la Bariadi pale Mwanza, lipite Magu na Lamadi, ni lami mpaka mwisho. Ukishuka stendi muulize dereva wa bodaboda wapi kuna mbina wiki hii. Atajua. Vaa viatu vya vumbi, na usimwambie mtu yeyote kwamba huna upande, maana watakugombania mpaka upasuke shati.