Nani Atabaki na Watoto?

Katika vilima vya Boito, Kaunti ya Bomet, siku ya mama mwenye shamba la chai huanza kabla ya jua kuchomoza. Hukama ng'ombe, huwaandaa watoto wa shule, hufunga aproni ya plastiki kiunoni ili umande usimloweshe, kisha huingia shambani kuchuma majani mawili na chipukizi. Majani hayalali nyumbani; sharti yafike kituo cha kununulia siku hiyo hiyo, na lori la kiwanda likichelewa, naye husubiri. Akirudi, kuni, chakula na watoto wa kuogesha vinamngoja. Mama huyu anahitaji saa za kukaa peke yake, atulie bila kuitwa. Saa hizo hatazipata kwa kujikaza zaidi, ila kwa mtu mwingine kuipokea kazi yake.

Mzigo wenyewe umepimwa. Utafiti wa matumizi ya muda wa Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa, ilhali wanaume hutumia asilimia 3.6. Kwa siku, hizo ni kama saa nne na nusu kwa mama na dakika 52 kwa baba. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka, lakini mkulima mdogo hana wa kumwandikia likizo. Hata mama aliyeajiriwa, likizo yake huishia jikoni.

Wako watakaosema uchovu wa malezi ni mambo ya Wazungu, na wana ushahidi wa kushika. Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa chuo kikuu cha UCLouvain, Ubelgiji, waliongoza utafiti wa wazazi zaidi ya 17,000 katika nchi 42, uliochapishwa mwaka 2021. Uchovu huo ulikuwa mkali zaidi katika jamii ambazo kila mtu hujitegemea. Lakini hilo halimaanishi kwamba mzazi wa Kiafrika ana mifupa ya chuma. Alikuwa na wasaidizi. Miaka ya 1970, watafiti Wamarekani Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, wakaeleza jinsi mtoto mchanga alivyokabidhiwa cheplakwet, msichana mlezi, mara nyingi dada yake. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, msichana huyo yuko darasani, na ni haki yake. Vijana wengine wamehamia mijini, na kogo, yaani nyanya, naye amezeeka. Mikono imeondoka, na kazi imebaki palepale.

Wengine husema mama ana chama na kanisa. Ni kweli, na ushirika huo humtia nguvu. Lakini hata huko kuna chai ya kupika, na mtoto huenda naye mgongoni. Baba akienda sokoni jioni kuketi na wenzake, haulizwi watoto amewaachia nani. Mama akitaka saa moja tu ya kutembea peke yake, ataulizwa kabla hajafika langoni. Na anayehofia hasara ya kilo chache za majani mama akipumzika, aitazame chai yenyewe. Kila baada ya miaka michache mkulima huipogoa, akakubali kukosa mavuno kwa miezi kadhaa, kwa sababu anajua isipopogolewa itamlipa kidogo.

Hakuna haja ya hoteli wala safari ya Mombasa. Alasiri moja kwa wiki, katika siku isiyo ya kuchuma, inatosha kuanzia, mradi baba abaki na watoto, apike na kuwaogesha bila kumpigia mama simu kuuliza chumvi iko wapi. Kwa mama anayelea peke yake, chama kinachozungusha pesa kinaweza kuzungusha pia zamu ya kulea. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Baba wa Boito, Jumamosi hii mkono wa pili uwe wako.