Usiitupe Okidi Yako, Bado Ina Uhai

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alinijia akiwa amebeba chungu cha maua alichokifunika kwa kanga. "Dada," aliniambia, "wewe mpenzi wa maua, hebu niangalizie hili. Naona linanifia."

Alipofunua kanga niliona okidi. Majani yake yalikuwa yamelegea na kunywea, na mawili ya chini yalikuwa yamegeuka rangi ya njano. Nilipoinama karibu nilisikia harufu ya uvundo ikitoka chunguni.

Okidi ile ilikuwa zawadi ya mwisho ya marehemu mumewe, aliyompa walipotimiza miaka 25 ya ndoa. Miezi minne baadaye mzee akaitwa na Bwana. Tangu mazishi, mama huyu aliimwagilia okidi yake kila asubuhi kabla ya sala. Kila alipoona majani yamelegea, alizidisha maji. "Nimeitunza kama mtoto mchanga," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Mbona inakufa?"

Msomaji mpendwa, jibu lilikuwa gumu kulitamka. Okidi ile ilikuwa inakufa kwa sababu ya maji yale yale aliyoipa kwa upendo.

Kwa nini maji mengi huiua

Okidi inayouzwa sana kwa ajili ya sebuleni, yenye majani mapana na maua yanayofanana na vipepeo, kitaalamu huitwa Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, hasa visiwa vya Indonesia na Ufilipino. Huko haioti ardhini. Huishi juu ya miti, mizizi yake ikishika magome na mingine ikining'inia hewani. Hainyonyi mti ule, huegemea tu. Mvua ikinyesha mizizi hulowa, kisha upepo huikausha. Mizizi hiyo imevikwa ganda mfano wa sifongo ambalo hunywa maji haraka na kuyahifadhi.

Si okidi zote zilizo hivyo. Kwenye uwanda wa Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, zipo okidi nyingi zinazoota ardhini. Hata vanila tunayotia kwenye keki hutoka kwenye okidi inayotambaa. Muumba ameipa kila moja makao yake, nasi tunapaswa kuitunza kulingana na makao hayo.

Basi mizizi ya okidi ya mtini ikikaa ndani ya maji daima, hukosa hewa, hufa, kisha kuvu na bakteria huiozesha. Mmea usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukisimama ndani ya maji. Majani hulegea kana kwamba mmea una kiu, na hapo ndipo akina mama wengi hukosea kwa kuongeza maji.

Jinsi ya kuiokoa

Tuliifanya kazi ile kibarazani kwangu, siku ya Jumatatu. Nawe unaweza kufuata hatua hizi:

1. Toa mmea chunguni polepole. Ondoa magome yote ya zamani, uyatupe. Suuza mizizi kwa maji safi.

2. Ibonyeze mizizi mmoja mmoja kwa vidole. Mzizi mzima ni mgumu, na rangi yake ni ya kijani au nyeupe. Uliooza ni laini na wa kahawia. Ukiuvuta, ganda huchomoka na kubaki uzi mwembamba.

3. Safisha mkasi au wembe kwa spiriti au kwa kuupitisha motoni. Kata sehemu zote zilizooza mpaka ufikie penye uhai. Safisha mkasi tena kila unapohamia mzizi mwingine.

4. Paka unga kidogo wa mdalasini kwenye majeraha tu. Usiupake mizizi mizima, maana huikausha. Uache mmea kivulini usiku kucha ili majeraha yakauke.

5. Kama kuna kikonyo cha maua, kikate. Mgonjwa hawezi kulea maua na kuotesha mizizi kwa wakati mmoja.

6. Panda kwenye chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki, chenye matundu mengi. Cha plastiki inayoonyesha ndani ni bora. Usitumie udongo kabisa. Tumia vipande vya magome ya msonobari, ukichanganya na vipande vya mkaa. Vipande vya makumbi ya nazi pia vinafaa, mradi uviloweke na kuvisuuza vizuri ili kuondoa chumvi. Shina lisizikwe.

7. Weka mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Usitie mbolea mpaka uone mizizi mipya.

Subiri siku tatu au nne kabla ya kumwagilia. Baada ya hapo usifuate kalenda. Chomeka kijiti kikavu cha mshikaki katikati ya chungu, ukingoje dakika kumi. Kikitoka na unyevu, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yapite chini, kisha mwaga yote yaliyobaki kwenye sahani. Mizizi nayo itakuambia: ikiwa ya kijani ina maji, ikiwa na rangi ya fedha ina kiu. Maji yakituama katikati ya majani, yafute kwa kitambaa, kwani moyo wa mmea ukioza ni vigumu sana kuuponya.

Mkasi na machozi

Tulipofika hatua ya kukata, mama yule alinishika mkono. "Unakata alichoniachia," alisema. Tuliweka mkasi chini, tukanywa chai, tukasali pamoja. Kisha akauchukua mkasi mwenyewe. Alipomaliza, ilibaki mizizi mitatu tu.

Sikumwahidi kitu. Okidi nyingine huwa zimechelewa, na si haki kumpa mfiwa tumaini la uongo. Nilimwomba tu avumilie, na kila atakaposikia hamu ya kumwagilia, kwanza achukue kijiti.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Jani moja zaidi lilianguka. Mwezi wa tatu alikuja mbio nyumbani kwangu kunieleza kwamba ameona ncha ya kijani ikichomoza shinani. Ulikuwa mzizi mpya. Maua yalichelewa zaidi. Tuliyaona mwaka wa pili, baada ya miezi ya baridi, manne tu kwenye kikonyo kimoja.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu alitoa mfano wa mtini usiozaa, na mtunzaji aliyeuombea mwaka mmoja zaidi. Mtunzaji yule aliomba muda, na akajua kazi ya kufanya katika muda huo. Dada zangu, upendo pekee hautoshi kama hatujui anachohitaji yule tunayempenda. Wako watoto tunaowalegeza kwa kuwafanyia kila kitu, na wako wafiwa tunaowachosha kwa maneno mengi wakati wanahitaji nafasi ya kupumua.

Mama yule bado anaamka alfajiri. Hushika kijiti chake, akakitazama, na siku nyingi hukirudisha mezani bila kumwaga hata tone. Kisha hukaa kando ya okidi yake na kusali.