Kuni za Masika Hukatwa Kiangazi

Jiko banifu la udongo likishajengwa na kukauka, wengi huona kazi imekwisha. Haupiti muda, lawama zinaanza: linafuka moshi, wali hauivi, bora mafiga matatu. Mara nyingi jiko halina kosa. Mdomo wake umefanywa mdogo makusudi ili kuni chache zitoe moto mkali, na moto huo hauelewani na kuni mbichi.

Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Mzigo wa kilo 20 basi una lita 10 za maji. Kuyageuza yote kuwa mvuke hula kama kilo moja na nusu ya kuni kavu. Hasara hiyo ipo, lakini kubwa zaidi ni moshi. Gesi zinazotoka kwenye kuni zinataka joto la karibu nyuzi 600 ili ziwake vizuri, na jiko linalopozwa na mvuke halifiki huko. Kwa hiyo moshi unaomtoa mpishi machozi ni kuni aliyoibeba kichwani, ikaondoka bila kuungua.

Kwa Ngorongo na bonde zima la Rufiji, masika ni Machi hadi Mei. Kuni za msimu huo zikatwe kuanzia Juni, ardhi ikianza kukauka, na zipasuliwe siku hiyo hiyo. Maji ndani ya mti husafiri kwa urefu wake na kutokea kwenye ncha, gome huyazuia. Ndiyo maana gogo zima laweza kulala uani kiangazi chote na bado likatoa povu motoni. Kata vipande vifupi vinavyoingia jikoni, upasue visizidi unene wa kifundo cha mkono.

Zimekauka? Ncha zitakuwa na nyufa, gome litabanduka, na vipande viwili vikigongana vitalia kwa sauti kali. Mwenye kupata mizani apime kipande kimoja kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, basi. Hewa ya pwani ina unyevu wake, hivyo usitarajie kuni zishuke sana chini ya asilimia 15 za maji. Chini ya 20 zinatosha.

Kuhifadhi, watu wa Rufiji wana mwalimu wao: dungu, kibanda cha shambani kinachosimama juu ya nguzo. Kichanja cha kuni kijengwe vivyo hivyo, kiinuliwe kuepuka maji na mchwa, juu kiezekwe makuti, ubavuni kiachwe wazi. Turubai likifunikwa mpaka chini hufungia unyevu ndani, na kuni zinaota ukungu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyokumba Rufiji na Kibiti, sidhani kama kuna haja ya kubishania urefu wa nguzo.

Walioko deltani wana jaribu lao: mkandaa na mkoko, kuni ngumu zinazokaa motoni. Ila mikoko ni hifadhi, na kuivuna kunataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Magogo yaliyoelea baharini nayo yamelowa chumvi, ambayo motoni hula bati, jiko likiwa nalo.

Mvua zikianza, teremsha kuni za siku mbili tatu uzipange karibu na jiko zimalizie kukauka, lakini zisiguse ukuta wake, na kabla ya kulala zisogezwe mbali na makaa.